Paulina Seripe, Dereva Aliyesalimia Kila Abiria

Baba Paroko, wazee wetu, mama zetu, madereva mliokuja na sare za kazi, na ninyi nyote mliofunga maduka na saluni ili mfike hapa leo Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025, kabla familia haijasoma neno lolote inawaomba kila mmoja amgeukie aliyeketi karibu naye amjulie hali, kwa lugha yoyote aliyonayo, kwa sababu marehemu hakuwa akiondoa basi kabla hajasalimiana na watu waliomo, na sisi hatuoni kwa nini tumwanzishie safari hii kwa utaratibu mwingine.

Asanteni, na wale wa nyuma waliobaki wanaangalia simu wasidhani hatukuwaona.

Marehemu Paulina Seripe, ambaye kwao ni Paulina Mloka, na ambaye wengi wenu mlimwita Mama Nomsa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 Kilakala, Morogoro, akiwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Barnabas Mloka, fundi baiskeli, na marehemu mama Veneranda, na akifuatiwa na wadogo watatu ambao mmoja wao ni mimi Octavian ninayesoma. Mzee wetu alikuwa na sharti moja katika kibanda chake cha ufundi, kwamba mteja haulizwi baiskeli ina nini mpaka aulizwe kwanza yeye mwenyewe kaamkaje, na mtoto aliyeruka hatua hiyo alirudishwa barabarani akaanze upya, huku mteja akisubiri na pancha yake mkononi. Sisi wengine tuliliona jambo hilo kuwa ni kupoteza muda, lakini Paulina alilishika akalifanya lake, akawa anawaamkia hata waliopita upande wa pili wa barabara bila nia ya kutengeneza chochote.

Alianza elimu ya msingi hapohapo Kilakala mwaka 1974 akamaliza darasa la saba mwaka 1980, na kwa kuwa nafasi za sekondari siku hizo zilikuwa chache hakuchaguliwa kuendelea, akakaa nyumbani akimsaidia mama hadi Januari 1984 alipopata kibarua katika shamba la Mazimbu, walikokuwa wakiishi wakimbizi wa kisiasa kutoka Afrika Kusini. Aliajiriwa kumenya viazi, lakini mwaka uliofuata dereva mmoja wa trekta aliugua malaria wakati wa kulima, na Paulina, ambaye alikuwa akilitazama trekta lile kwa jicho ambalo wasichana wa umri wake waliwatazamia wachezaji mpira, aliomba alijaribu, akalima kutwa nzima, na tangu siku hiyo jikoni hawakumwona tena ila wakati wa kula.

Trekta lile lilikuwa na fundi wake, kijana mpole kutoka Meadowlands, Soweto, aliyekimbia nchi yake mwaka 1977 akiwa bado mwanafunzi, naye ni Bwana Thabo Seripe, shemeji yetu tunayemwona hapa mbele na ambaye tunampa pole kuliko tunavyoweza kusema. Inasemekana trekta lilianza kuharibika mara nyingi mno kwa chombo kilichokuwa kizima. Walifunga ndoa takatifu tarehe 25 Juni 1988 mjini Morogoro, na kwa vile wajomba wa bwana harusi walikuwa ng'ambo ya mipaka iliyofungwa, makomredi wake watatu walijitwisha ujomba wakaja kutoa posa, wakakutana na wajomba wetu wa Kiluguru ambao waliwaeleza kwa upole kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo watakaozaliwa watakuwa wetu, jambo ambalo makomredi walilikubali haraka kwa sababu walikuwa na njaa na chakula kilikuwa hakijaletwa. Mungu aliwajalia watoto watatu, Nomsa aliyezaliwa Mazimbu mwaka 1989, Barnabas aliyezaliwa hapa Johannesburg mwaka 1993, na Suzan aliyezaliwa mwaka 1997, ambao wote wanaelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kizulu, isipokuwa shikamoo, ambayo mama yao hakuwapa nafasi ya kuijibu kwa lugha nyingine.

Tarehe 2 Aprili 1992 marehemu alifuatana na mume wake kurudi katika nchi ambayo kwa mume ilikuwa nyumbani na kwake yeye ilikuwa ugenini, wakaishi Meadowlands kwa mama mkwe, ambako alijifunza Kisotho kwa kuamkia majirani na Kizulu kwa kuwaamkia tena kesho yake, na mwaka 1996 wakahamia Hillbrow, ghorofa ya sita, katika jengo ambalo lifti yake ilikuwa ikifanya kazi inapojisikia. Alifua nguo za watu, aliuza chai na maandazi kwa walinzi wa usiku, na jioni alisomea leseni ya magari makubwa, mpaka tarehe 3 Agosti 1998 alipoajiriwa kuwa dereva katika kampuni ya mabasi ambayo leo hatutaitaja jina, si kwa kuiogopa, maana wawakilishi wake wamekaa safu ya pili na tunawashukuru kwa maua, bali kwa sababu marehemu mwenyewe kwa miaka yote ishirini na sita hakuwahi kuiita jina lingine ila kazini.

Ndani ya basi Paulina aliendelea na sharti la mzee Barnabas. Abiria akipanda, alikuwa akiondoa mkono kwenye usukani, anageuza mwili wote, anainama kuelekea mlangoni na kumtazama usoni, akamwambia sawubona, au dumela, au shikamoo, au jambo, kwa kadiri alivyomsoma, na kusubiri mpaka ajibiwe, ndipo kadi ya nauli ilipoguswa. Wakubwa zake walilalamika kwamba anachelewesha foleni, lakini basi lake lilikuwa halipigiwi kelele, watu wenye hasira walipanda wakiwa wamekunja uso wakafika viti vya nyuma wameukunjua, na mwezi Mei 2008, wageni walipokuwa wakifukuzwa mitaani, abiria wake wa kila siku walishuka naye kwenye kituo cha mwisho wakamsindikiza hadi mlangoni kwake, wakapanda ngazi za ghorofa zote sita pamoja naye huku wakihema, wakahakikisha amefunga. Baada ya siku ile Paulina aliamini, kama mtu anavyoamini mvua ni maji, kwamba mtu uliyemsalimia vizuri hawezi kukuinulia mkono.

Familia iliona ni vyema jambo linalofuata lisomwe pia, kwa sababu marehemu alilisema mwenyewe mbele za watu akiwa hai, na hakupenda lifichwe.

Mwezi Februari 2015, baada ya madereva kadhaa wa njia za mjini kutukanwa, kutemewa mate na mmoja kuvunjwa mkono, kampuni iliitisha mkutano yadini, mabasi yanakolazwa, ikauliza kama madereva wanataka kuwekewa kioo cha kinga kati yao na abiria, na vijana wengi walikuwa wanakitaka. Paulina alisimama. Alikuwa mkongwe wao, ndiye aliyewafundisha nusu yao kazi, na alipokuwa akizungumza hata injini zilikuwa zinazimwa, akasema kwamba yeye si simba wa kufungiwa kizimbani, na akauliza, "Nitamwamkiaje mtu nikiwa ndani ya kabati?" Watu wakacheka, kura ya mikono ikapigwa kukataa kioo, na wakubwa wa kampuni wakaenda zao wamefurahi, kwa sababu walikuwa wameulizia jambo la gharama wakajibiwa bure.

Miongoni mwa waliofundishwa na Paulina alikuwa Denise, mwenyeji wa Bukavu, mama wa watoto wawili, aliyefika nchi hii kwa karatasi za ukimbizi, akasuka nywele kwa miaka mingi kabla ya kupata leseni, na ambaye Paulina alimpenda kama mdogo wake wa kuzaliwa naye. Alimfundisha breki, vioo vya pembeni na kona za Hillbrow ambako teksi hutokea pasipo na barabara, lakini alichomfundisha kwa mkazo zaidi ni kusalimia, ageuke, ainame, ampe mtu uso mzima. Ijumaa tarehe 18 Agosti 2017, mchana kweupe, mwanamume mmoja alipanda basi la Denise, na kadi yake ilikuwa haina kitu, na Denise akageuka, akainama kwake, akamsalimia, ndipo akamweleza kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mbele ya watu. Yule mtu alimpiga ngumi ya uso akiwa ameinama vivyo hivyo, akamshika nywele akamgongesha kwenye mashine ya kadi mara mbili, mpaka abiria walipomvuta nje.

Taya la Denise lilivunjika, likafungwa kwa waya, na kwa wiki nyingi hakula ila kwa mrija, na kila jioni baada ya zamu Paulina alikuwa akienda kwake na uji wa ulezi aliouchuja mara mbili. Hakuna aliyejua walikuwa wakizungumza nini, ila siku waya ulipofunguliwa Denise alisema maneno ambayo yeye mwenyewe ameturuhusu tuyasome hapa, "Mama, nilimusalimia sawa vile ulinifundisha. Nilimupatia uso muzima." Hakuyasema kwa kulaumu. Aliyasema kama mwanafunzi anayetaka kujua alikosea wapi.

Shemeji Thabo anasema jioni ile mke wake aliingia nyumbani akapita moja kwa moja hadi dirishani bila kumsalimia, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Mazimbu, na yeye alidhani amefiwa. Alikaa pale mpaka chakula kikapoa. Wiki iliyofuata aliwaomba madereva wote wakutane yadini kabla ya zamu ya asubuhi, akasimama palepale aliposimama mwaka 2015, akasema kwa sauti ambayo waliokuwepo wanasema haikutetemeka, "Mimi ndiye niliyewaambia hatutaki kioo. Watu walikuwa wananiheshimu mimi, kwa mvi zangu na kwa kunizoea, nikadhani wanauheshimu usukani." Kisha akaenda ofisini kuomba kile alichokikataa.

Na hapo ndipo ulipoanza mzigo alioubeba kwa miaka mitano, kwa sababu kila alipoomba kioo alirudishiwa maneno yake mwenyewe, kwamba madereva walikwisha kuulizwa, kwamba walikataa, na kwamba aliyekataa kwa niaba yao ni Mama Seripe, ambaye sasa hivi yupo mbele yetu anaomba. Kuna meneja aliyeukariri ule mzaha wa kabati akawa anamsalimia nao kwenye korido. Mtu mwingine angekata tamaa au angetafuta wa kumsingizia, lakini Paulina alijua kwamba kila dereva atakayeinuliwa mkono kuanzia hapo atakuwa amepigwa kupitia neno lake, na alisema waziwazi kwamba hataki kustaafu, wala kufa, kabla neno hilo halijarudi kinywani mwake.

Basi alijifunga kibwebwe. Wenzake watakumbuka kwamba kila asubuhi dereva hawezi kutoa basi yadini kabla hajalizunguka akalikagua matairi, taa, breki na milango, kisha akamtajia msimamizi wa yadi kasoro zote alizoziona, na msimamizi wakati huo alikuwa Bwana Hlubi, mtu wa kampuni mwaminifu, mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe, ambaye yupo hapa leo. Asubuhi moja ya Oktoba 2017 Paulina alilizunguka basi lake, akamwamkia Bwana Hlubi, akamjulia hali ya goti lake, kisha akamwambia tairi zima, taa nzima, breki nzima, mlango wa nyuma unasita, na dereva hana kinga. Bwana Hlubi alicheka akamwambia hiyo si kasoro ya basi. Paulina akamjibu kwamba dereva ni kifaa cha basi kama breki, maana akipigwa basi linapanda ukingo wa barabara na watu wote waliomo, akaondoa basi akaenda kazini.

Kesho yake alisema hivyohivyo, na keshokutwa yake, na akaendelea mvua iwepo isiwepo, kwa adabu ileile na baada ya kuuliza goti, mpaka Bwana Hlubi akawa anamwona akitokea na kusema mwenyewe, "Eish, Mama, na dereva hana kinga." Halafu Denise aliporudi kazini akaanza naye kusema, na vijana wa njia ya Diepsloot wakasema, na ilipofika mwaka 2020 hapakuwa na basi lililotoka yadini pale bila kasoro hiyo kutajwa, hata na wale waliokuwa wakimwona Paulina kuwa mama mwenye kichwa kigumu, na kichwa kigumu kweli alikuwa nacho, sisi tuliozaliwa naye hatuwezi kumtetea.

Kati ya miaka hiyo madereva wengine wawili walipigwa, mmoja akachomwa kisu cha mkono, na mwezi Septemba 2022 madereva walipoipeleka kampuni mbele ya wasuluhishi, wakili wa kampuni alisema kwa utulivu kwamba tangu mkutano wa 2015 menejimenti haikuwahi kuarifiwa kuwa madereva wamebadili mawazo. Bwana Hlubi alikuwa ameletwa na kampuni kama shahidi wake, amekaa upande wa kampuni, amevaa tai aliyonunuliwa na mke wake kwa ajili ya siku hiyo. Alisimama kabla hajaitwa. Alisema, nasi tunayasoma kwa tafsiri aliyoiridhia mwenyewe, "Tumeambiwa. Huyu mama ameniambia kila asubuhi kwa miaka mitano, na mimi nimewaambia ninyi, nanyi mkaniambia hiyo si kasoro ya basi. Kama hamkujua, basi sijui mimi nilikuwa nafanya kazi kwa nani." Familia inapenda Bwana Hlubi ajue kwamba Paulina alirudi nyumbani siku ile akapika pilau siku ambayo haikuwa ya sikukuu.

Kampuni iliamriwa kuweka vioo, na kwa haki tunasema iliweka bila kuzungusha tena. Lakini basi la kwanza lilipokuja na kioo chake, kizima, kinene, kutoka sakafuni hadi darini, Paulina aliingia akaketi, akatazama nje, akamwona abiria anafungua na kufumba mdomo kama samaki, akashuka akasema hiki hapana. Wapo walioshika kichwa. Alichosema ni kwamba abiria asiyesikika hupandwa na hasira, na dereva asiyesikia hujibu kwa mikono, na kwamba yeye hakupigania miaka mitano ili madereva wawe salama na wasiwe watu. Alitaka sauti ipite na ngumi isipite.

Alimtafuta Karimu, fundi wa vioo na alumini wa Fordsburg, mtu wa Tanga, ambaye pia yupo nasi, na kampuni, kwa kuchoka au kwa hekima, ikawapa basi moja Jumapili moja yadini wajaribu wanavyotaka. Karimu alisema hawezi kujua tundu la sauti liwe wapi bila kumwona mtu anayejaribu kumpiga dereva. Paulina akaketi kwenye usukani, akamwita mume wake.

Shemeji Thabo, utusamehe, lakini hili tumeamua kulisoma. Mwanamume huyu, aliyeishi na dada yetu miaka zaidi ya thelathini bila kumwinulia mkono wala sauti, alitakiwa apande basi, ajifanye mlevi aliyekosa nauli, na ampige mke wake kupitia kwenye tundu. Alipanda akasema dumela. Karimu akamwambia hapana mzee, mlevi hasemi hivyo. Akashuka akapanda tena, akanyoosha mkono kama anayeomba chumvi mezani. Paulina alicheka mpaka akalalia usukani na honi ikalia yadi nzima, kisha akaacha kucheka, akamtazama, akamwambia, "Baba Nomsa, usiponipiga wewe leo hapa, kuna mtu atampiga Denise tena." Ndipo Thabo akapiga moyo konde, akarusha ngumi kwelikweli, huku machozi yanamtoka, mara nyingi, juu, chini, pembeni, na kila ilipopita Karimu alihamisha ubao wake wa kupimia, mpaka likapatikana tundu la mshazari lililoelekea chini, penye kinywa cha dereva, ambalo neno lolote la kibinadamu linapita na mkono wowote unagota kwenye kiwiko. Vioo vya mabasi yale hukatwa vivyo hivyo mpaka leo, na shemeji hajapenda kukaa kiti cha mbele tangu siku hiyo.

Vioo vilianza kufungwa Machi 2023, na basi la mwisho, la njia ya Diepsloot, likafungwa kioo chake Juni 2024. Tangu hapo katika yadi ile kumekuwa na matusi, kwa kuwa huu ni mji, lakini hakuna dereva aliyepelekwa hospitali. Denise ndiye anayefundisha madereva wapya sasa, anawafundisha salamu pamoja na breki, ila kwa kupitia tunduni, akiwa ameegemea kiti chake, maana tangu ngumi ile hakuweza tena kumwinamia mtu, hata nyumbani, hata watoto wake anawasalimia mgongo ukiwa umenyooka. Paulina aliliona hilo, na liliendelea kumuuma.

Marehemu aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu mwaka 2019 na alikuwa akimeza dawa zake kila alipokumbushwa, na alikuwa akikumbushwa na watu wengi kwa kuwa alijuana na watu wengi. Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 2024, akiwa anajifunga kilemba aende kazini, alipata kiharusi kilichomlegeza upande wa kulia na kumwondolea maneno, akalazwa, akaruhusiwa mwezi Januari, akarudi ghorofa ya sita akiwa amebebwa kwenye kiti na madereva wanne kwa sababu lifti ilikuwa haijisikii. Hakuzungumza tena. Waliokuja kumwona aliwaamkia kwa kugonga pete yake kwenye chuma cha kitanda, na mgeni aliyeanza kueleza habari kabla ya kuitikia mlio ule alishtukia pete inagongwa tena.

Tarehe 5 Septemba mwaka huu hali yake ilibadilika akarudishwa hospitali, na Jumatatu tarehe 8 jioni Denise alikuja kutoka kazini na sare yake. Alisimama mwisho wa kitanda kama kawaida yake, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Paulina alikuwa amefumba macho na mkono wenye pete ulikuwa umelala. Shemeji Thabo, aliyekuwepo, anasema Denise aliweka mkoba chini, akazunguka kitanda, akainama, akaendelea kuinama polepole kama mtu anayeshuka kwenye maji ya baridi, mpaka uso wake ukawa juu kabisa ya uso wa mwalimu wake, akamwambia, "Jambo, mama. Ni miye." Paulina alifumbua macho akamtazama, na mkono wake ulio mzima haukuenda kwenye chuma, uliinuka ukamshika Denise taya. Alifariki dunia alfajiri ya kesho yake, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, akiwaacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili, wadogo zake, na mji mzima wa watu wanaodaiana naye salamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi aliyolazwa, waliojifunza kuitika pete bila kuona ni usumbufu, inawashukuru majirani wa ghorofa ya sita na wale wa ghorofa za chini waliotupisha ngazini, Wakongo, Watanzania, Warundi na wenyeji, inakishukuru chama chetu cha kuzikana kwa kusimama imara, wanakwaya, Bwana Hlubi, fundi Karimu, na kampuni kwa maua na kwa vioo, na inawashukuru kwa namna ya pekee madereva wenzake wote, na kwa wale ambao hatukuwataja, Mama Nomsa angewataja.

Limebaki jambo moja la utaratibu. Tulipokwenda kuchukua jeneza, mafundi walituonyesha yale yenye kidirisha cha kioo juu ya uso, kama tulivyozoea kwetu, ili watu wamuage marehemu bila kumgusa. Tulikuwa tunakubali, na Denise, aliyekuwa amefuatana nasi, akasema hapana, kioo kilikuwa cha kazini, na zamu yake imekwisha. Kwa hiyo mtakapopita kumuaga mtakuta pamefunguliwa wazi. Tunaomba msiharakishe foleni, kila mmoja afike, ageuke kwake, ainame ampe uso mzima, na amwamkie kwa lugha ya kwao. Denise atatangulia.

Dada Paulina, miaka yote ulituuliza kila asubuhi kama tumeamka salama, na hatukupata kukuuliza kama wewe umelala salama. Lala salama, dada, upumzike kwa amani, sisi tumeitika.